Mosi Sio Babu wa Mtu

Najua nimeadimika humu karibu miezi miwili, na wengine mmeanza kuulizana kama nimeacha chuo. Sijaacha. Nilikuwa Tanga kwenye mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita TP. Nimerudi Jumapili usiku, miguu imevimba kwa basi, begi limejaa maandalio ya somo, na ule mfuko wa machungwa ya Muheza niliokuja nao wenzangu wa chumbani wameshaumaliza. Waja leo waondoka leo, ndiyo Tanga hiyo.

Nina mengi ya kusimulia ila leo naanza na hili moja, maana linanisumbua. Niliwadanganya wanafunzi wangu. Sio kwa makusudi. Niliwadanganya kwa sababu nilikuwa nimekariri.

Ilikuwa wiki ya tatu. Mvua za mchoo zilikuwa zimenyesha siku mbili mfululizo, na lile tangi la zege nyuma ya ofisi ya walimu likawa limevaa kijani kizuri kama zulia. Nikasema hapa leo sihitaji kuchora. Nikabandua kipande kwa kisu, nikakiweka kwenye mfuniko wa ndoo, nikaingia nacho darasani. Wanafunzi 62. Mfuniko ukapita dawati hadi dawati, kila mtu akagusa. Mosi hiyo, yaani mmea, sio ile mosi ya kuhesabia, ingawa siku ile nilizichanganya zote mbili. Ubaoni, kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, niliandika kwamba mosi ni mmea duni wa kizamani, na kwamba mimea mingine yote ya nchi kavu imetokana nao. Yaani ndiyo ya kwanza, mosi kweli kweli.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza kwa Kiswahili."

Darasa likacheka. Nikamruhusu.

"Kama mosi ndiye babu wa mimea yote, mbona yeye bado yupo? Na mbona hajakua?"

Jamani. Wenye kufundisha mnajua ile sekunde moja ambayo unagundua kwamba hujui, na wakati huohuo mdomo umeshaanza kujibu. Nikamwambia: "Kwa sababu hakubadilika. Wenzake walisonga mbele, yeye akabaki nyuma." Akasema asante mwalimu, akakaa. Ila nilimwona akiandika kitu pembeni ya daftari, halafu akakifuta kwa kifutio.

Kile kifutio ndicho kilichoninyima usingizi. Nilikuwa nimepanga chumba Ngamiani, nikaegesha baiskeli ukutani, nikalala chali na simu mkononi nikaanza kusoma. Nilitaka kutafuta mosi mmoja tu, nimfuatilie ukoo wake mpaka mwisho, nione kama kweli kuna mtu "aliyebaki nyuma". Nikachagua yule ninayemkumbuka kwenye vitendo vya maabara vya mwaka wa pili. Jina lake la kitaalamu ni Sphagnum. Mimi nitamwita mosi wa mboji, kwa sababu ndiye anayejulikana zaidi kwa kutengeneza ile mboji nyeusi ya kinamasi, mimea iliyokufa ikazama majini na kukosa hewa ya kuiozesha, ikarundikana miaka na miaka.

Siku ile maabara tulipewa kijani chake kimekandamizwa kwenye kioo, tutazame kwa hadubini. Nikachora, nikapata alama, nikasahau. Lakini kumbe nilichokichora ni maajabu. Jani la mosi huyu lina seli za aina mbili. Kuna seli nyembamba za kijani ambazo ziko hai na zinapika chakula, zimejipanga kama nyuzi za wavu. Katikati ya nyuzi hizo kuna seli kubwa zilizokufa, tupu kabisa, zina vitundu ukutani. Hizo tupu ndizo matangi. Mosi wa mboji anaweza kubeba maji mara 15 hadi 20 ya uzito wake mkavu, na hata zaidi. Tena akiisha kukua hana hata vile vijizizi vya kujishikiza ambavyo mosi wengine wanavyo. Anakua juu, chini anakufa, na kule alikofia ndiko mboji inakoanzia. Na wala hakai tu na maji, anayageuza yawe na asidi mpaka mimea mingi mingine inashindwa kuishi jirani naye.

Halafu njoo kwenye uzazi. Mosi wengi wanabeba kile kijitungi cha spora juu ya kikonyo chake chenyewe. Huyu hapana, kijitungi chake kinanyanyuliwa na ncha ya mmea mama iliyorefuka. Jua likikipiga kinasinyaa, hewa ya ndani inabanwa, kifuniko kinafyatuka na spora zinarushwa zaidi ya sentimita 10 kwenda juu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walilipiga picha tukio hilo kwa kamera ya kasi, wakaona spora zinapanda zikiwa ndani ya pete ya hewa inayozunguka, kama ile pete ya moshi wa sigara. Sasa niambieni, huyo ndiye "duni"?

Usiku ule nikaanza kuona aibu. Lakini swali la binti lilikuwa bado halijajibiwa: huyu ni babu wa nani?

Kwanza upande wa majina. Linnaeus, yule Mswidi tunayekariri kila mwaka, aliliandika jina Sphagnum kwenye kitabu chake cha mwaka 1753. Hapo kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia darasani. Kwa sheria za kimataifa za kutaja mimea, majina ya mosi hayahesabiwi kuanzia Linnaeus. Yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Mjerumani Hedwig cha mwaka 1801. Mosi wote, isipokuwa familia moja tu: hii ya mosi wa mboji, ambayo imebakizwa na tarehe yake ya 1753. Yaani hata kwenye daftari la usajili amekaa ukurasa wake peke yake.

Ana ngeli yake mwenyewe, na kwa muda mrefu watu waliona ndani ya ngeli hiyo kuna jenasi moja tu, Sphagnum, yenye spishi mia kadhaa. Ndipo wakaleta mosi mmoja wa ajabu kutoka kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia. Anaishi kwenye mchanga wenye unyevu na wala hatengenezi mboji. Mwaka 1990 waliompa jina wakamweka humo humo kwenye Sphagnum. Mwaka 1999 akahamishiwa jenasi yake mpya, Ambuchanania. Mwaka 2010, vinasaba vilipopimwa, ikaonekana kuna wengine ambao nao si wa nyumba hiyo, zikatoka jenasi nyingine mbili, Eosphagnum na Flatbergium. Kutoka jenasi moja tukafika nne. Waliobaki ndani ya Sphagnum wanapangwa kwenye makundi makubwa matano, na wanayabaini kwa vitu vidogo sana: umbo la jani la tawi, vitundu viko upande gani, seli ya kijani imejitokeza mbele au nyuma ya jani.

Kama mnaona hayo ni mambo ya Tasmania na hayatuhusu, ngojeni niwarudishe Tanga. Kuna lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara mpaka leo na Waingereza wanaliita la Afrika. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake ua hilo huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Miaka zaidi ya 120 dunia nzima ikaliita hivyo. Mwaka 2015 vinasaba vikasema jamani, hili ni tawi la ndani kabisa ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Likahamishwa. Ua halikusogea hata inchi moja pale kwenye mwamba wake, sisi ndio tuliosogeza jina. Na kinachochekesha ni kwamba mjukuu wa ua hilo akikaa dirishani Ulaya au Marekani, mara nyingi chungu chake kimejazwa mboji ya Sphagnum. Wale niliokuwa nawasoma usiku ule Ngamiani, mmoja ana mizizi ndani ya mwili wa mwenzake!

Sasa asili. Hapa ndipo nilipokaa kitako kitandani.

Tawi la mosi wa mboji ni la zamani sana. Ukichora mti wa ukoo wa mosi wote duniani, yeye yuko kwenye matawi ya kwanza kabisa kuachana na wenzake. Huko Urusi kuna masalia kwenye mawe yenye miaka zaidi ya milioni 250, majani yenye seli za aina mbili kama zile nilizochora mimi. Mtaalamu Maria Neuburg aliyaeleza mwaka 1960. Mwaka 2016 wakaandikwa vipande vingine vya Wisconsin, Marekani, vinavyofanana na Sphagnum, kwenye mawe yenye miaka takribani milioni 455. Kabla ya dinosaria, kabla ya ua la kwanza, kabla ya misitu. Nikasema basi, si ndiyo hayo niliyofundisha? Mzee wa zamani, kabaki vilevile.

Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2010 uliohesabu umri wa spishi zilizopo leo kwa kutumia vinasaba ukatoa jibu tofauti. Spishi hizi tunazoziona, nyingi mno, zilichipuka kati ya miaka milioni 7 na 20 iliyopita, kipindi ambacho nchi za kaskazini zilikuwa zinapoa na maeneo ya kinamasi baridi yakiongezeka. Kwa hesabu za miamba hiyo ni juzi. Ukoo ni wa mamia ya mamilioni ya miaka, watoto ni wa juzi!

Nikakumbuka mwembe wa bibi yangu Muheza. Uliangushwa na upepo tukiwa wadogo, kikabaki kisiki. Kila nikienda likizo nakuta kimechipua. Ukiniuliza umri wa mwembe ule sina jibu moja. Kisiki ni cha enzi za babu, machipukizi ni ya mwaka huu, na matawi yaliyokuwa katikati yote yalishakuwa kuni. Ndivyo ilivyo kwa mosi wa mboji. Katikati ya Urusi ya zamani na kinamasi cha leo matawi mengi yamekufa, na kilichobaki kikachipua upya hali ya hewa ilipobadilika. Anayemtazama leo akasema "hajabadilika tangu zamani" anatazama chipukizi na kuliita kisiki.

Na ubabu je? Huo nao haupo. Miaka ya karibuni, hasa kuanzia 2018, hesabu za vinasaba zimekuwa zikionyesha kwamba mosi na jamaa zake wadogo wadogo ni nyumba moja, na mimea yenye mishipa, kuanzia kangaga hadi mchungwa, ni nyumba ya pili. Nyumba zote mbili zimetokana na bibi mmoja aliyeishi zamani sana, na bibi huyo hayupo tena. Kwa hiyo mosi hakumzaa mchungwa. Ni binamu. Wametembea muda sawasawa, kila mmoja kwa njia yake. Hakuna aliyebaki nyuma.

Nikazima simu saa nane usiku. Nikajua lazima nirudi darasani kusema nimekosea, na kipindi changu kilichofuata na darasa lile ndicho ambacho mhadhiri kutoka chuoni angekuja kunikagua. Wadau wa ualimu mnanielewa. Alama za TP sio mchezo. Andalio la somo lilikuwa tayari, kila dakika imepangwa, somo ni kangaga. Mwenzangu niliyekuwa naye shule moja akanishauri: "Achana nayo. Fundisha kangaga, upate alama zako, hilo lingine utawaambia siku ya kuaga." Ushauri mzuri tu. Lakini nikifikiria yule binti na kifutio chake, nikaona siku ya kuaga itakuwa nimechelewa. Atakuwa ameshajifunza kitu kibaya zaidi ya mosi: kwamba swali lake lilikuwa la kijinga.

Siku ikafika. Mhadhiri kaketi nyuma, karibu na dawati la yule yule binti, na fomu yake. Nikasalimia, nikageukia ubao, nikasema: "Kabla ya kangaga, kuna kitu nilifundisha juzi sio sahihi."

Kimya. Nikachora mti wa ukoo. Bibi juu, nikamwekea alama ya msalaba kuonyesha ameshafariki. Mabinti wawili chini yake. Nyumba ya binti mmoja nikaandika mosi, nyumba ya pili kangaga, misonobari, michungwa. Nikaeleza habari za kisiki cha mwembe. Nikaeleza wavu wa seli na matangi, na kile kijitungi kinachofyatuka, hapo wavulana wa mbele wakapiga makofi. Wakauliza yuko wapi tukamwone. Nikawaambia sio huyu wa tangi la zege. Wa karibu ninaowajua mimi wako Uganda, kwenye kinamasi cha ziwa Nabugabo na juu kwenye vinamasi baridi vya Rwenzori. Nikawaambia pia mboji haitengenezwi na yeye peke yake. Ule mbuga mkubwa wa mboji katikati ya bonde la Kongo, uliopimwa na kutangazwa mwaka 2017, kilomita za mraba 145,500, mboji yake imetokana zaidi na miti ya msitu wa kinamasi. Na ardhi za mboji duniani ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu lakini zimefungia karibu theluthi moja ya kaboni yote iliyomo kwenye udongo. Ukizikausha, kaboni inarudi hewani.

Yule binti akanyoosha mkono. Safari hii hakuomba ruhusa ya Kiswahili.

"Kwa hiyo mwalimu, juzi ulikosea?"

"Ndiyo. Nilikosea. Swali lako lilikuwa sahihi kuliko jibu langu."

Hakutabasamu wala nini. Akauliza lingine, na hili ndilo zito: "Sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

Nikamtazama mhadhiri, mhadhiri akatazama fomu yake. Nikajibu kadiri nilivyoweza. Andikeni yale unayoweza kuyaonyesha: mosi hana mizizi ya kweli, hana mishipa ya kusafirisha maji, anahitaji maji ili mbegu ya kiume imfikie ya kike, anazaa kwa spora. Hayo ni kweli na yana alama. Neno "duni" acheni, halielezi kitu chochote mnachoweza kukiona kwenye ule mfuniko wa ndoo. Sijui kama ndilo jibu bora. Lakini ndilo ninaloweza kulitetea nikikutana nao barabarani miaka kumi ijayo.

Kangaga hatukuimaliza. Kwenye fomu mhadhiri aliandika kwamba nimetumia dakika nyingi nje ya andalio na somo halikufikia lengo, alama zikashuka. Chini kabisa akaongeza kwa kalamu nyingine: ushiriki wa wanafunzi mzuri. Nimekubali vyote viwili, maana vyote ni kweli.

Wiki ya mwisho nilikusanya madaftari kusahihisha. La yule binti lina ule mti wa ukoo, ameunakili vizuri kunishinda mimi. Pembeni, pale alipokuwa amefuta, kuna alama za kalamu bado zinaonekana kidogo. Nilijaribu kuzisoma kwenye mwanga wa dirisha nikashindwa. Nikaweka vema, nikafunga daftari.

Haya wadau, ndiyo hayo. Kesho vipindi vinaanza saa moja asubuhi na sijafua hata shati. Walio Lushoto, Amani na huko Korogwe, mvua ikinyesha tazameni ukutani mtamwona binamu yetu. Mkija msimwite babu. Siku njema.